Biriani ya Babu Kwenye Jedwali

Voi, Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa Shangazi Rahima,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Babu na Jafar, na kikohozi cha Jafar kiwe kimemwacha. Mimi nilifika salama. Godoro langu lilichukuliwa wakati wa likizo na sasa nalalia jingine lenye bonde katikati, lakini silalamiki, kwa sababu mtu aliyelala bondeni hawezi kuanguka. Nimefanywa kiranja wa maktaba. Hakuna aliyeshindana nami. Mwalimu aliuliza nani anaitaka kazi hiyo, darasa zima likanyamaza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezoea zaidi kunyamaza, akanitazama mimi.

Tangu nipande basi nawaza habari ya jedwali. Najua uliniambia umeelewa, lakini ulisema hivyo huku unakuna nazi, na sikuwa na hakika kwamba unanisikiliza. Kwa hiyo naeleza tena, uniwie radhi. Ukifungua kile kishikwambi walichotuachia watu wa mradi wa lishe, utaona jedwali. Kila mtu ana mstari wake. Wa kwanza ni Babu, wa pili ni mwanao Jafar, wa tatu ni Kioko, kwa sababu ingawa Kioko ni mpangaji tu wa chumba cha uani, hula kwetu kila siku, na Daktari Lynnette wa mradi huo alisema anayekula nyumbani ni wa nyumbani. Kila siku ina visanduku vya asubuhi, mchana na jioni. Unaandika mtu alikula nini na kiasi gani. Kisanduku kikijazwa chakula na kiasi huwa kijani, kikiachwa kitupu au kikijazwa maneno mengine huwa chekundu. Wewe ni mwandishi, hujiandiki.

Nakusihi usilifanyie mzaha. Daktari Lynnette alisema mbele yangu kwamba atautazama mstari wa Babu ndipo aamue kama vidonge vyake vya sukari vibaki vivyo hivyo au viongezwe. Babu akimeza vidonge vingi na chakula ni kidogo, sukari itashuka na ataanguka. Nilimwona alipoanguka mwaka juzi pale mlangoni, na bado namwona.

Simu ni marufuku hapa, kama ujuavyo, kwa hiyo barua nitampa Ziro, yule makanga wa basi anayepita kwenye geti la shule. Amesema hatapoteza.

Mwanao,
Nadira


Magogoni, 13 Mei 2025

Nadira mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, maana wewe huamkia hata paka. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Kikohozi kimemwacha Jafar, kimenishika mimi. Kioko amepata kazi ya kuchomelea mageti kule Kiembeni, basi hurudi uso mweusi kama masizi, na akinawa hutokea mtu mwingine kabisa. Ziro aliileta barua yako mpaka mlangoni. Alikataa chai, akakubali mahamri.

Jamvi lako nimelifungua. Mimi naliita jamvi, maana limekaa visanduku visanduku kama msuko wa ukili. Sasa nikuulize jambo ambalo wewe na Daktari wako hamkulifikiri. Wataka niandike kila mtu amekula kiasi gani. Babu yako, Jafar na Kioko hula sinia moja. Wali ni mlima mmoja, samaki juu, mchuzi ubavuni, mikono mitatu yaingia. Nitajuaje wali wa huyu na wali wa yule? Wali hauna jina.

Nilijaribu. Nilikaa kando, kishikwambi mapajani, nikawa nahesabu matonge. Tonge la Babu yako likasimama njiani, si mdomoni si siniani.

"Rahima, wafanyani?"

"Naandika, Baba."

"Waandika nini?"

"Matonge."

Mwanangu, kimya kilichoingia nyumba hii hujapata kukisikia hata katika maktaba yako. Kisha akasema pole pole, "Nimeoa katika nyumba hii, nimezika katika nyumba hii, nimelisha watu nisiowajua majina. Leo mwanangu wa kumzaa anihesabia tonge?"

Na Kioko, badala ya kutazama chini, akauliza, "Na mimi niko na ngapi?"

"Wewe uko na mengi," Jafar akamjibu.

Wajua hili ni aibu ya namna gani kwetu. Mtu akitaka kumvua mwenzake nguo mbele ya mtaa husema, yule kwake wahesabiwa matonge. Sasa nimekuwa mimi, tena kwa baba yangu, tena kwa mashine.

Nishauri, wewe ndiye msomi. Babu hajambo. Asema usisome gizani.

Shangazi yako,
Rahima


Voi, Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa Shangazi Rahima,

Shikamoo. Pole kwa kikohozi. Jaribu tangawizi, ingawa najua wewe ndiye uliyenifundisha tangawizi. Hapa mvua imenyesha na paa la maktaba linavuja juu ya vitabu vya Dini, basi nimevihamishia kwenye rafu ya Kilimo, na mwalimu wa Kilimo amefurahi akidhani vyake vimeongezeka.

Nimelifikiri tatizo lako wiki nzima, hata wakati wa Kemia, nikatolewa nje kwa kutosikia jina langu likiitwa mara kadhaa. Nikiwa huko nje nililipata jibu. Kosa si la Babu wala si lako. Kosa ni la sinia, kwa kuwa halina mipaka.

Sinia ni duara. Duara likigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja hupata nyuzi mia na ishirini. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Mwombe Kioko akate bati safi, alikunje liwe na mikono mitatu, mlisimamishe katikati ya sinia. Kila mtu atakuwa na upande wake bila kuacha sinia moja. Upakue sawasawa, upime kwa ile mizani waliyokuletea watu wa mradi, na wakimaliza upime kilichobaki. Hapo hakuna atakayehesabiwa tonge. Yatahesabiwa mabaki, na sidhani kama mabaki huvunjiwa heshima.

Tafadhali hakikisha Kioko anapiga msasa kingo zote, Babu asijikate.

Mwanao,
Nadira


Magogoni, 30 Mei 2025

Nadira,

Marahaba mwanangu. Tangawizi nimekunywa, kikohozi kimenihama kikaenda kwa paka. Nyumba ya jirani waliozesha, tukala, tukacheza, mgongo ukanikumbusha umri.

Kioko alikitengeneza kile kitu chako. Aliacha geti la mtu nusu akakitengeneza hicho kwanza. Ukikitazama kwa juu ni kama alama ya gari la Benzi, na Jafar mpaka leo akiliona sinia hulishika kama usukani. Kioko akakisimamisha katikati ya wali akasema, "Mzee, usijali, hii ni ukuta tu ya kuzuia mchuzi."

Babu yako akautazama ukuta. Akala.

Lakini wewe wamjua. Yeye huwa hali samaki mpaka amevunja ule mnofu wa shingoni akamsogezea mtoto, na wa ubavuni akamsogezea mgeni. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mkono wake haujui ukuta. Akautupa mnofu juu ya bati ukaangukia kwa Jafar. Kioko naye, kwa kuwa nilimwonya kwamba kila kitu kikae kwake kwa ajili ya sayansi, akaurudisha. Babu akautupa tena. Kioko akaurudisha. Ikawa mpira wa wavu, mwanangu, na mchuzi ukipaa. Nilipopima, mizani ikasema Jafar amekula samaki mzito kuliko samaki niliyemnunua.

Niliandika vivyo hivyo, maana wewe husema nisidanganye. Kesho yake akaja Clifford, yule kijana msaidizi wa Daktari, akaliona sinia, akalipiga picha, akatoka nje akapiga simu. Aliporudi akasema Daktari ameagiza sinia liwekwe kabatini, kila mtu apewe sahani yake. Basi sasa tuna sahani.

Utaniuliza kama Babu azipenda. Sahani ni nzuri sana. Zina maua ya buluu pembeni.

Nina swali la uandishi. Kisanduku kikikaa chekundu, mtu afanyeje? Si cha mtu yeyote hasa, nauliza tu. Clifford anipigia simu kila asubuhi, "Mama, jedwali lako linatoka damu." Nishachoka naye.

Soma kwa bidii. Hali ya nyumbani usiiwaze.

Rahima


Voi, Jumapili, 1 Juni 2025

Kwa Shangazi Rahima,

Shikamoo. Nilicheka habari ya samaki mpaka nikajificha nyuma ya rafu, halafu nikasikitika, kwa sababu mchoro ule niliuona mzuri sana.

Idi ya kuchinja inakaribia na sitakuwapo. Wasichana Waislamu hapa tumeahidiwa wali. Mwenzangu wa kitanda cha juu, Phoebe, ameomba kusilimu kwa siku moja, na tumemwambia haiwezekani lakini atakula.

Swali lako lina jibu. Katika maktaba kuna kitabu cha Kompyuta ambacho hakuna aliyewahi kukiazima, na kinaeleza namna ya kuliambia jedwali kwamba kisanduku kikiachwa kitupu, lichukue lenyewe kilichoandikwa mara ya mwisho. Ni fomula fupi. Nimekuandikia hapa chini kwa herufi kubwa, uinakili kama ilivyo, pamoja na mabano. Inafaa kwa sababu mtu anayesahau kuandika huwa hajasahau kula, na watu wengi hula leo kama walivyokula jana. Hutaona tena wekundu, na Clifford atakuacha upumzike.

Lakini kisanduku hicho ni cha nani? Hukusema. Na hukunipa neno lolote kutoka kwa Babu safari hii.

Mwanao,
Nadira


Magogoni, 11 Juni 2025

Nadira mwanangu mwerevu,

Marahaba, na Idi njema ingawa imepita. Tulichinja pamoja na nyumba ya jirani. Wageni walikuwa wengi, sahani hazikutosha, nikalitoa sinia kabatini. Babu yako alikula biriani ile mpaka Jafar akamwambia, "Babu, niachie kiazi." Nikaiandika: biriani, sana.

Fomula yako imefanya kazi, wallahi. Niliinakili na mabano yote, na jamvi zima likawa kijani kama mchicha baada ya mvua. Clifford hajanipigia simu ya damu tena. Nimeanza hata kulisahau mpaka jioni, nikilifungua nakuta limejaa lenyewe. Nimewaambia majirani, hii ameifanya mtoto wa kaka yangu, Kidato cha Tatu.

Babu amevuka feri kwenda Mtongwe, kwa rafiki yake Bwana Boga, tangu siku ya pili ya Idi. Amekwenda kupunga hewa. Hakuchukua nguo nyingi, basi hatakaa sana.

Nikuchekeshe. Jana Clifford alipiga simu, sauti imebadilika kwa heshima. Asema Babu yako amewashangaza ofisini, anakula biriani asubuhi, biriani mchana, biriani jioni.

Nikamwambia, "Mwanangu, Babu hayuko. Yuko Mtongwe."

Akasema, "Mama, aliyesafiri mstari wake huwa mwekundu. Huyu mstari wake ni kijani."

"Yuko Mtongwe, nakwambia."

"Basi anakula biriani Mtongwe."

Nikawaza, labda Boga ndiye ampikiaye, Boga ana moyo. Na mashine imesomeshwa na wewe, haiwezi kusema uongo.

Daktari amekubali kwamba kwa biriani kiasi kile vidonge vya zamani havitoshi. Ameandika viongezwe maradufu. Clifford atampelekea Babu mwenyewe huko Mtongwe, Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe ishirini baada ya swala. Nimemwelekeza nyumba ya Boga. Unaona, mstari ule uliokuwa ukiuwaza umefaa.

Usisome gizani. Hilo ni langu, si lake.

Rahima


Voi, Ijumaa, 20 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe kumi na moja imenifikia leo asubuhi. Ziro alikuwa ameiweka mfukoni mwa koti, koti likaenda Nairobi, likafuliwa, likarudi. Nisamehe nisipouliza hali.

Babu hali biriani. Fomula ndiyo inayoila. Siku ya Idi uliandika biriani, na tangu hapo kila kisanduku kitupu kimekuwa kikichukua biriani ile ile kwa sababu mimi nililiambia lifanye hivyo. Nilifikiria mtu aliyesahau kuandika. Sikufikiria kwamba kisanduku kinaweza kuwa kitupu kwa sababu mtu hakula.

Nilipofika mwisho wa barua yako kengele ya saa tano ilikuwa inalia, na leo ndiyo tarehe ishirini. Nikaenda kwenye chumba cha walimu. Unajua kwamba mimi sijawahi kufika pale kwa hiari yangu. Nilibisha hodi kwa namna ambayo hakuna aliyesikia, nikasimama, mpaka mwalimu wa Kilimo akatoka na kunigonga kwa mlango. Ndani alikuwapo Bi Milcah, naibu wa mwalimu mkuu, ambaye sauti yake hufika mahali kabla yake.

"Sema."

"Babu yangu..."

"Sauti!"

"Babu yangu hakula biriani."

Walimu wote waliacha chai.

"Nadira," akasema, "hapa hakuna aliyekula biriani. Leo ni githeri."

"Jedwali linasema amekula, Bi Milcah, na kwa hiyo leo anaongezewa dawa, na hajala, na ni mimi niliyeliambia jedwali."

Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini aliisukuma simu yake mezani. Namba yako iliyomo kwenye faili langu ni ile ya laini uliyopoteza. Baba yuko melini, hapatikani. Namba moja tu ya nyumbani ninaijua kwa kichwa, kwa sababu imeandikwa kwenye geti la nyumbani kwa rangi nyekundu kubwa: FUNDI KIOKO. Nikaipiga hiyo.

Alipokea, lakini nyuma yake kulikuwa na mashine ya kukata chuma. Nikasema kwa adabu. Akasema, "Nani? Ongea!" Nikasema tena. Mwishowe, Shangazi, nilipiga kelele. Sikujua kwamba nina sauti ile. Nilisema, "KIOKO! KIMBIA MTONGWE KWA BOGA! BABU ASIMEZE DAWA MPYA! ILE BIRIANI HAIPO!" Kidato cha Pili walio ng'ambo ya uwanja walisimama madirishani.

Kioko akasema, "Naenda." Halafu nikasikia kama maji yanachemka, na simu ikakatika. Tumepiga tena na tena, imezimwa.

Ifute fomula. Bonyeza juu yake, ufute, ukubali wekundu wote unaotokea. Na uniambie ukweli. Kabla hajaenda Mtongwe, Babu alikuwa anakula?

Nadira


Voi, 24 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hakuna barua. Ziro amepita mara mbili akanionyesha mikono mitupu kupitia dirisha la basi. Bi Milcah ananiruhusu kupiga simu kila siku baada ya chakula, na simu ya Kioko bado imezimwa. Walimu wakinikuta njiani wananiuliza kwa upole kama biriani imepatikana.

Niandikie hata neno moja. Likiwa baya, liandike hivyo hivyo.

Nadira


Magogoni, Jumapili, 29 Juni 2025

Nadira wangu,

Marahaba. Babu yu hai, yu mzima, amekaa barazani anamfundisha Jafar kutia uzi kwenye sindano. Nimeanza na hilo ili upumue. Sasa kaa kitako.

Sikuandika upesi kwa sababu kila siku nilisema nitaandika jambo litakapokwisha, na halikuwa likiisha. Na kwa sababu nilikuonea haya.

Kioko simu yako ilimkuta Kiembeni, mkono mmoja kashika simu, mkono mwingine kashika kwa koleo bawaba iliyotoka motoni. Ulipopiga kelele ile, asema, akili ilimgeuka. Simu akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kupozea chuma, na bawaba akaitia mfukoni. Kisha akakimbia. Kwenye feri watu walimpisha, wakidhani ni mtu wa zimamoto.

Alifika kwa Boga uso mweusi, miwani ya kuchomelea kipajini, suruali yatoa moshi. Clifford alikuwa keshafika. Babu yako ameketi, vidonge vipya viko kiganjani, gilasi ya maji mbele yake. Akainua macho akasema, "Kioko, wawaka."

"Mzee, usimeze! Nadira amesema usimeze!"

"Nadira? Amesemaje?"

"Amepiga kelele, Mzee. Mpaka nimeunguza mguu."

Babu yako akavirudisha vidonge mezani kimoja kimoja. "Nadira kapiga kelele," akamwambia Boga. Boga naye akasema, "Basi jambo ni zito."

Clifford hakukubali. Akafungua kishikwambi chake akamwonyesha. "Mzee, lakini hapa ni kijani. Biriani asubuhi, biriani mchana."

"Mimi leo nimekunywa chai ya rangi," Babu akasema. "Jana muhogo, nusu. Hiyo biriani aliyeila ndiye ampe dawa."

Hapo kijana akapata fahamu ya kumtoboa kidole. Alikitazama kipimo, akakifuta kwenye shati, akakitazama tena. Sukari ilikuwa chini, na dawa mpya bado haijaingia. Vidonge akavitia mfukoni mwake mwenyewe bila kuambiwa, akamkorogea Babu chai yenye sukari huku akiimwaga mezani, mpaka Boga akamnyang'anya kijiko.

Fomula nimeifuta, wekundu nimeukubali. Sasa lile uliloniuliza. La, mwanangu. Alikuwa hali. Tangu sahani ziingie, hakula hapa chakula cha maana ila ile siku ya Idi. Alikuwa akikaa mbele ya sahani yake, akaitazama, akasema, "Nimeshiba, Rahima," akainuka. Asema sahani ya peke yake hupewa mgonjwa au mfungwa, na yeye hajajua bado kosa lake. Nikamsihi, nikamnunia. Mwishowe akavuka feri. Nami niliogopa kukuandikia, una mitihani, na wewe ukiwaza huwa huli. Nikaona bora wekundu uondoke, na wewe ukanipa dawa ya wekundu. Ukijilaumu peke yako nitakuchapa, maana tulikuwa wawili.

Nilikwenda Mtongwe mwenyewe kumwomba radhi. Alinikalisha siku nzima kabla ya kuitikia. Ikabidi niape kwamba sahani zitakwenda madrasa, wakazitumie watoto.

Jana akaja Daktari Lynnette, yeye mwenyewe, na Clifford nyuma yake kama kivuli. Alimwomba Babu samahani, kwa adabu, na kwa Kiswahili cha kwao bara ambacho Babu alikivumilia. Akasema hatadai sahani tena. Ila alitaka amwone Babu akila siku moja, kwa macho yake, ajue kweli anakula nini, ndipo apange dawa upya.

"Utanitazama nikila?" Babu akamuuliza.

"Kwa ruhusa yako, Mzee."

"Kwetu mtu hatazami wenziwe wakila. Ama anawe, au ende zake."

Daktari akamtazama Clifford. Kisha akavua saa, akanawa. Nikaliteremsha sinia: wali wa nazi kidogo, mchicha, kunde, na changu wa kuchoma, maana nimesema sukari ya mtu haichezewi hata kama heshima imerudi. Wakakaa watano, Clifford akiingia kwa ubavu. Babu akauvunja ule mnofu wa shingoni akamsogezea Daktari. Yeye akasema ahsante, yatosha. Babu akamsogezea mwingine. Kioko akamnong'oneza, "Usirudishe, Daktari. Mimi nilijaribu."

Wakala. Jafar alisimulia habari ya bawaba mara tatu na kila mara moshi ulikuwa mwingi zaidi. Daktari alicheka mpaka akapaliwa, Babu akampa maji.

Walipokwisha kunawa, Daktari akachukua kishikwambi, akafika kwenye mstari wa Babu, akasimama hapo. Kidole chake kikabaki hewani.

"Mzee," akasema, "nisaidie. Nilikuwa nikutazame nami nikajisahau. Umekula kiasi gani?"

Babu yako akafikiri kwa dhati, mwanangu, hakuwa na mzaha. Akasema, "Andika: alikula na watu."

Daktari akaandika. Kisanduku kikakataa, kikabaki chekundu. Akaandika tena, kikakataa.

Clifford akainama. "Daktari, nijaze cha jana?"

"Usikiguse," Daktari akamwambia.

Akakiacha chekundu vile vile, akafunua mkoba wake, akatoa kile kisindano cha kupimia sukari, akamwomba Babu kidole.

Shangazi yako,
Rahima